Umeshuka melini na mipango imekwama: kutatua matatizo ya ziara na usafiri wa kwenda uwanja wa ndege

Asubuhi ya mwisho ya safari ya meli ya kitalii huwa na malalamiko kuliko siku zote zilizotangulia. Watu waliolala na kula vizuri wiki nzima wanajikuta wamesimama kando ya barabara ya bandari na masanduku manne, simu haishiki mtandao, dereva haonekani, na ndege inaondoka saa saba mchana. Nimewapangia watu safari hizi kwa miaka, na ninayoulizwa ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo hutokea zaidi, na usiruke vipimo vyepesi.

Kabla ya dalili yoyote, elewa jambo moja ambalo lingezuia nusu ya matatizo haya. Saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya meli si saa yako ya kutoka. Ratiba ikisema meli inafika saa 1 asubuhi, hiyo ni saa ya kufunga gati, yaani meli kufungwa kamba gatini. Baada ya hapo maofisa wa nchi lazima watoe ruhusa abiria washuke. Masanduku yanashushwa na kupangwa ukumbini, makundi yanaitwa kwa rangi au namba, ndipo unapita uhamiaji na forodha. Meli yenye abiria 4,000 haiwezi kuwatoa wote kwa nusu saa. Kwa hiyo kila hesabu ianzie pale utakapokuwa umesimama nje ya jengo la abiria, mzigo mkononi.

Saa zote humu nimeziandika kwa Kiswahili: saa 1 asubuhi ni 07:00. Utaona baadaye kwa nini nimelitaja hili mapema.

"Ndege yangu ni ya mapema, naona sitaiwahi"

Sababu ya kwanza: tiketi ilikatwa kwa kuangalia saa ya meli kufika. Hii inazizidi nyingine zote kwa mbali.

Sababu ya pili ni jina la mji. Kampuni za meli huuza safari kwa jina la mji maarufu ulio karibu, na "karibu" hiyo hunyooshwa sana. "Roma" ni Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka uwanja wa Fiumicino. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200. "Bangkok" mara nyingi ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100. "London" inaweza kuwa Southampton, Dover au Tilbury, na kila moja ina barabara yake. Venice ina hadithi yake: tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli za zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca, kwa hiyo safari iliyouzwa kwa jina la Venice inaweza kuishia Ravenna au Trieste. Kinyume chake pia kipo. Port Everglades iko karibu kabisa na uwanja wa Fort Lauderdale, na Vancouver unapanda treni karibu na gati ukafika uwanjani kwa chini ya nusu saa.

Sababu ya tatu: uwanja si ule unaoudhania. Meli inafunga Miami, tiketi ni ya Fort Lauderdale. Umepanga gari la Heathrow, ndege ni ya Gatwick. Umeona "Tokyo" hukuangalia kama ni Haneda au Narita.

Kipimo chepesi ni kalamu na karatasi. Andika saa ya kufunga gati. Ongeza saa 2 za kushuka na kupita ukaguzi. Ongeza mwendo wa barabara wa asubuhi ya siku ya kazi, si ule ambao ramani inakuonyesha usiku. Kisha ongeza saa 2 kama ndege ni ya ndani ya nchi, au saa 3 kama inavuka mpaka. Tuchukue Southampton kwenda Heathrow, kama kilomita 100: meli inafunga saa 12:30 asubuhi, uko nje saa 2:30, barabara tuipe saa 2 kwa tahadhari, unafika saa 4:30, ongeza 3, inakuwa saa 7:30 mchana. Ndege yoyote ya kabla ya hapo ni ya kubahatisha. Wengine hufanikiwa. Mimi sikatii mtu tiketi kwa kutegemea bahati yake.

Hesabu ikikukosa kidogo, yapo ya kufanya ukiwa bado melini. Nenda dawati la wageni siku mbili kabla, si usiku wa mwisho, omba kundi la kwanza au la wanaojibebea mizigo. Kujibebea kuna sharti moja ambalo watu hulisahau: kila begi ulilopanda nalo utalishusha mwenyewe, kwa mkono, siku ambayo lifti zimejaa. Kama una mtoto mgongoni na masanduku matatu, usijidanganye. Jiandikishe kwa ndege mtandaoni ukiwa bado na intaneti ya meli. Uliza pia kama usafiri wa meli yenyewe una nafasi; unaweza kuwa ghali, lakini wenye mabasi hayo wanaijua ratiba ya meli na hawaondoki kabla haijafunga.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kushuka bandari iliyotangulia ili waiwahi ndege. Usishuke na masanduku bila idhini ya meli. Viza yako inaweza isikuruhusu, na zipo nchi zinazokataza meli ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake mbili. Marekani ina sheria hiyo tangu 1886, na faini inayotozwa meli huweza kurudi kwako.

Simama hapa: hesabu ikikukosa kwa zaidi ya saa moja, acha kutafuta ujanja. Piga simu kwa aliyekukatia tiketi, au shirika la ndege, kabla ndege haijaondoka. Ukikosa kutokea bila taarifa, mashirika mengi hufuta na vipande vilivyobaki vya tiketi ileile, ikiwemo ile ndege ya pili ambayo ungeweza kuiwahi.

"Nimetoka nje, dereva haonekani"

Mara nyingi dereva yupo. Mko milango tofauti tu.

Southampton ina majengo matano ya abiria wa meli. New York ina bandari tatu za meli za kitalii: Manhattan, Brooklyn, na Bayonne ambayo iko jimbo jingine kabisa la New Jersey. Seattle ina gati mbili, namba 66 na 91. Sydney ina jengo la Circular Quay na lile la White Bay. Ukiandika "bandarini" kwenye fomu, umeandika nusu ya anwani. Isitoshe, kampuni za meli hupenda majina yanayofanana kwa meli zake, neno moja likibadilika tu, na siku moja zinaweza kuwepo mbili bandari moja.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia mtu kelele, fungua vocha, yaani hati ya uthibitisho wa gari uliloagiza, na usome mstari wa mahali pa kukutania, neno kwa neno. Madereva wa kukodishwa na teksi za programu mara nyingi hawaruhusiwi kusimama mlangoni; wana eneo lao, pengine ng'ambo ya barabara au ghorofa ya chini ya maegesho. Kisha inua kichwa, tafuta bango lenye namba au herufi, lipige picha, mtumie dereva. Picha moja ya nguzo iliyoandikwa "C" hufanya kazi kuliko dakika kumi za "niko hapa karibu na mabasi". Kila mtu bandarini yuko karibu na mabasi.

Sababu ya pili ni simu, na hii huwaponza hata wazoefu. Baharini simu yako iliwekwa kwenye hali ya ndegeni ili isishike mtandao wa setilaiti wa meli, ambao gharama zake ni za kutisha. Sasa umeshuka, kifurushi cha intaneti ya meli kimekatika, na ujumbe wa dereva unasubiri mahali ambapo simu haiufikii. Toa hali ya ndegeni ukiwa umeshatoka kwenye jengo, si ukiwa bado ngazini. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa nchi kavu kwa mkono, maana simu inaweza kuendelea kung'ang'ania ule wa meli iliyoegeshwa mita hamsini kutoka ulipo. Kama laini yako haifanyi kazi nchi hiyo, rudi ndani kutafuta mtandao wa jengo la abiria, au mwombe mhudumu wa kaunta ya usafiri akupigie. Namba ya dereva iandike kwenye karatasi pia, ikiwa na namba ya nchi mbele.

Sababu ya tatu: dereva alikuja, akasubiri muda wake, akaondoka. Magari ya kukodi huwa na muda wa kusubiri bila malipo, na muda huo huanzia saa uliyoandika. Ukiandika saa ya meli kufunga, umemwita saa 2 kabla ya wakati. Mifumo mingi inafuatilia ndege, haifuatilii meli, kwa hiyo ukiweka namba ya ndege yako ya kuondokea kwenye fomu hujamsaidia kitu. Andika jina kamili la meli na umwombe aifuatilie. Meli za abiria za safari za kimataifa zinatakiwa kuwa na mtambo wa AIS unaotangaza zilipo, na ramani zinazoonyesha meli hizo ziko wazi mtandaoni. Dereva mzuri huangalia kabla hajatoka kwake.

Sababu ya nne ni saa yenyewe. Niliwahi kupokea ujumbe wa baba mmoja: "Gari liwe hapo saa 2." Nikauhamisha ulivyo kwa mwenye gari wa nchi ile, yeye akaandika 02:00. Dereva wake alifika getini usiku wa manane, meli ikiwa bado baharini, akapiga simu isiyopokelewa, akaondoka. Saa 2 asubuhi baba yule, mkewe na watoto watatu walikuwa wamesimama chini ya mvua wakiangalia kila gari jeupe lililopita. Sijasahau sauti yake kwenye simu. Tangu hapo kila agizo langu lina tarakimu za saa 24, tarehe, na siku ya wiki, na namwomba mwenye gari anirudishie kwa maneno yake alivyoelewa.

Kuna makosa ya saa ya aina nyingine pia. Saa za melini zinaweza kutofautiana na za bandari mnayofikia, na simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni haijirekebishi. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Meli nyingi humaliza safari Jumapili. Na ukivuka Bahari ya Pasifiki kuelekea magharibi, siku nzima hupotea kwenye mstari wa tarehe. Nimeona gari na hoteli vikiagizwa kwa tarehe iliyokosewa kwa siku moja kamili kwa sababu mtu alihesabu usiku wa melini kwa vidole.

Subiri dakika 30, huku ukipiga namba ya ofisi na si ya dereva peke yake. Zikiisha bila jibu la mtu, chukua teksi rasmi kwenye foleni, omba risiti, na udai baadaye. Usimfuate mtu anayekukaribia ndani ya ukumbi akisema "mimi ndiye niliyetumwa" kama hawezi kukutajia jina lako na namba ya vocha kabla hujamtajia wewe.

"Gari limekuja lakini hatuenei"

Gari la viti saba halibebi watu saba na masanduku yao. Hilo ndilo tatizo, karibu kila mara. Viti vya nyuma vikikaliwa, sehemu ya mizigo hubaki ya mabegi mawili matatu ya mkononi. Hesabu sanduku moja kubwa kwa kila mtu kisha agiza gari la ukubwa unaofuata. Mkiwa mmeshakwama, teksi ya pili ibebe masanduku pamoja na mtu mzima mmoja wenu. Usipeleke mizigo peke yake na dereva usiyemjua.

Kiti cha mtoto na gari la kiti cha magurudumu haviombwi asubuhi ile. Viagize wakati wa kuweka nafasi na upate jibu la maandishi. Msaada wa kiti cha magurudumu uwanjani nao una muda wake: kwa viwanja vya Umoja wa Ulaya taarifa itolewe saa 48 kabla, na saa hizo 48 huenda zikawa unapokuwa katikati ya bahari. Panga hilo kabla hujapanda meli.

"Sanduku langu halipo ukumbini"

Usiku wa mwisho unaweka sanduku nje ya mlango wa chumba likiwa na lebo ya rangi au namba, wahudumu wanalichukua, asubuhi unalikuta ukumbini. Lisipoonekana, kwanza angalia sehemu za rangi zinazokaribiana na yako. Kijani kibichi na kijani cha bahari huchanganywa, na 16 husomwa 19 lebo ikiwa imegeuka. Sababu ya pili ni mtu aliyechukua sanduku jeusi linalofanana na lako. Ukiona limebaki moja jeusi lisilo na mwenyewe, soma jina lililopo kisha waombe wahudumu wampigie huyo mtu. Wanaweza kumpata bado yuko kwenye foleni ya teksi. Sababu ya tatu, lebo ilichanika, na sanduku liko pembeni kwenye rundo la yasiyo na lebo. Ya mwisho, forodha wameliweka kando, na hapo utaitwa.

Usitoke nje ya jengo kabla ya kuandikisha taarifa na kupata namba yake. Ukishatoka, kurudi ndani ni kazi kubwa, na kampuni ya meli itakuuliza kwa nini hukusema ukiwa pale.

Ila hasara kubwa kuliko sanduku kupotea ni kilichomo ndani yake. Mara nyingi sana watu hupanga kila kitu vizuri, wanalitoa nje, wanalala, halafu asubuhi wanagundua pasipoti, dawa za presha na hata viatu vimeondoka nalo. Nakumbuka mama mmoja aliyeshuka ngazi za meli na ndara nyeupe za chumbani, kanga kiunoni, akiwa ameshika mkoba mdogo kifuani kwa mikono miwili. Hakuwa amepotelewa na kitu. Sanduku lilimsubiri ukumbini. Lakini pasipoti ilikuwa humo, na ukumbi uko ng'ambo ya uhamiaji. Ilibidi mhudumu atafute sanduku, alifungue mbele ya ofisa, na kundi zima likamsubiri. Pasipoti, dawa, chaja, nguo ya asubuhi na vocha zikae kwenye begi dogo linalolala nawe.

Dawa ya lazima kama ya sukari au kifafa ikiwa imepotea, usisubiri sanduku. Rudi kwa daktari wa meli kama bado hujatoka, au nenda kliniki iliyo karibu kabla ya uwanja wa ndege.

"Ziara ya siku ile ya kushuka imeniharibikia"

Hapa pana mambo mengi, kwa sababu watu huweka ziara kujaza pengo kati ya meli ya asubuhi na ndege ya jioni, na pengo lenyewe hawajalipima.

Ziara imeanza bila wewe: hii ni saa ya kufunga gati tena. Ziara ya kujitegemea isianze kabla ya saa 4 asubuhi. Ile inayouzwa na meli inaweza kuanza mapema kwa sababu mnaitwa pamoja na basi linawasubiri. Kama umeshaachwa, mpigie mwongozaji na uulize kituo cha pili ni kipi. Wengi watakupokea pale ukijifikisha mwenyewe.

Mizigo haina pa kukaa: uliweka nafasi kwenye ziara ya kutembea kwa miguu ukasahau masanduku. Uliza maneno haya haya kabla ya kulipa: "Mizigo itakaa wapi, nani ataiangalia, na ziara inaishia wapi?" Jibu zuri ni kwamba itakaa kwenye basi lilelile litakalowashusha uwanjani. Kama hakuna basi, vipo vyumba vya kuhifadhi mizigo kwenye stesheni kubwa za reli na baadhi ya viwanja vya ndege, lakini angalia kama vinapokea masanduku makubwa na vinafungwa saa ngapi. Usikubali masanduku yaachwe kwenye gari lisilo na mtu kando ya barabara ya kivutio cha watalii. Pasipoti usiiache hata kwenye basi lenye dereva.

Ziara inaishia mjini badala ya uwanjani: soma mstari wa mwisho wa maelezo. "Kurudishwa" kwaweza kumaanisha kurudishwa gatini, mahali ambapo huna shughuli tena.

Ndege sasa inaondoka mapema kuliko ilivyopangwa, nawe uko tayari ziarani: acha ziara. Mwambie mwongozaji mara moja, maana yeye anajua mahali rahisi pa kukushusha, na dakika 20 za kuona aibu ya kukatiza wenzako zinaweza kukugharimu safari.

Onyo la afya ambalo sitaki ulipite haraka: usiweke kupiga mbizi kwa mtungi kwenye siku hiyo. Miongozo ya tiba ya wapiga mbizi inataka angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ukipiga mbizi mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Ukipiga mbizi halafu ukapata maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au kifua kubana, usipande ndege na usijitibu kwa kulala. Piga namba ya dharura ya pale ulipo na useme wazi kwamba ulikuwa unapiga mbizi.

"Meli imechelewa, au imeletwa bandari nyingine"

Ukungu ndio mkosaji mkubwa. Rubani wa bandari haruhusiwi kuingiza meli kwenye njia nyembamba asiyoiona, na bandari kama Tampa, Galveston na New Orleans hufungwa kwa ukungu miezi ya baridi. Upepo mkali unafuatia, kisha hitilafu ya mitambo, kisha mgonjwa aliyelazimu meli kugeuza njia.

Ukisikia tangazo la nahodha, usikimbilie foleni ya dawati la wageni kwanza. Tuma ujumbe kwa dereva na mwenye ziara kwa kutumia intaneti ya meli; mara nyingi meli hufungua mtandao au simu bure kwa ajili hii, uliza. Halafu wasiliana na shirika la ndege. Kisha ndiyo upange foleni, na unachokwenda kuomba ni barua: karatasi yenye nembo ya meli inayosema ilichelewa kwa nini na ilifunga saa ngapi. Bila hiyo bima ya safari itakusumbua kwa miezi. Walionunua ndege kupitia kampuni ya meli wapeleke suala lao kwenye dawati la ndege la kampuni hiyo na wasibadilishe tiketi wenyewe, maana wanaweza kupoteza haki ya kusaidiwa.

Bandari ikibadilishwa, kampuni za meli kwa kawaida huleta mabasi hadi bandari ya awali. Usifute gari lako. Lihamishie pale mabasi yatakapofikia, na uulize basi litachukua saa ngapi.

"Nimesimamishwa uhamiaji"

Wengi husimamishwa kwa foleni tu. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zilianza Oktoba 2025 kuandikisha alama za vidole na picha za uso za wageni wasio raia, na uandikishaji wa mara ya kwanza unakula muda. Uweke kwenye hesabu ya ile karatasi.

Jambo zito ni viza. Safari ikitoka Barcelona, ikagusa Uturuki, ikaishia Ugiriki, umetoka Schengen na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Fuata bandari moja moja kwa kidole na uhesabu mara ngapi unaingia, huku ukikumbuka kwamba Kroatia imo Schengen tangu 2023 na Uingereza haimo. Jambo jingine: baadhi ya meli hukaa na pasipoti za abiria safari nzima. Ulipewa tangazo la kuichukua, hukulisoma. Rudi ngazini uwaeleze walinzi kabla meli haijaanza kupakia abiria wapya.

Ofisa akisema viza ina kasoro, usibishane na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba mkalimani, omba kuonana na wakala wa meli bandarini, ambaye jina na simu yake huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku melini. Pasipoti ikipotea kabisa, hilo ni la polisi na ubalozi wako siku hiyohiyo. Gari na ziara vifute.

"Nimelipa, lakini wanasema hawanijui"

Kwanza tafuta barua pepe ya pili. Nyingi za kwanza husema ombi limepokelewa. Uthibitisho huja baadaye, na pengine umeangukia kwenye barua taka. Pili, ulinunua kwa wakala na gari ni la kampuni nyingine: vocha huwa na majina mawili, na dereva analijua lile la chini. Tatu, jina limeandikwa kinyume, la ukoo mbele, au kwa jina la mwenzi wako. Nne, umetapeliwa. Dalili zake ni bei iliyo chini mno, malipo yaliyotakiwa kwa kutumiwa pesa moja kwa moja kwa mtu, na namba ya simu iliyozimwa tangu jana. Hapo usitume "ada ya mwisho" ya kuthibitisha. Pigia benki yako kupinga malipo, hifadhi mazungumzo yote kwa picha ya skrini, ripoti polisi ya mtandao, na upande teksi ya foleni.

"Nimefika uwanjani, mzigo umekataliwa"

Chupa ulizonunua safarini meli ilizihifadhi na kukurudishia usiku wa mwisho, wakati sanduku lilishatoka nje. Sasa ziko kwenye begi la mkononi, na viwanja vingi bado havipitishi kimiminika cha zaidi ya mililita 100. Fungua sanduku kando ya kaunta, zifunge kwa nguo, ziingie humo. Kileo cha asilimia 24 hadi 70 kina kikomo cha lita 5 kwa mtu. Pawabenki ni kinyume chake: itoke sandukuni, iingie begi la mkononi, na ikizidi wati-saa 100 omba idhini ya shirika. Fanya haya kabla hujajiunga na foleni, maana mapokezi ya mizigo ya ndege nyingi za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, na kaunta ikishafungwa hakuna wa kuifungua.